Kwa nini satelaiti mpya ya redio haifunguliwi siku ileile?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina leseni ya redio ya ridhaa, na redio yangu ni ile ndogo ya mkononi. Kila satelaiti ya wanaredio inaporushwa, tunaombwa kwa siku au wiki kadhaa tusikilize tu, tusirushe sauti. Ikiwa chombo kimeshafika angani, kinasubiriwa nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, roketi ikishakiachia chombo, waliokitengeneza bado hawajui kama kimetoka kizima, kwani hakuna awezaye kukigusa tena, na habari zake zote hupitia katika redio ileile unayotamani kuitumia.

Chukua mfano wa FUNcube-1, mchemraba wenye upande wa sentimita 10 uliotengenezwa kwa ushirikiano wa wanaredio wa Uingereza na Uholanzi, ukarushwa kutoka Yasny, Urusi, tarehe 21 Novemba 2013, na baadaye ukaitwa AO-73. Antena zake zilisafiri zikiwa zimekunjwa. Zilipofunguka, aliyenasa taarifa ya kwanza kwenye megahezi 145.935 alikuwa mwanaredio wa Afrika Kusini, ambaye kompyuta yake iliipeleka Uingereza kwa intaneti. Taarifa za namna hiyo, ziitwazo telemetria, hueleza volti za betri, umeme unaotoka kwenye paneli za jua, na joto la ndani ya chombo. Satelaiti ya aina hii hupita juu ya kituo kimoja kwa dakika kumi na kitu tu, kisha inazama. Kwa hiyo bila masikio ya watu wa nchi nyingine, mainjinia wangeona vipande vichache mno vya siku yake ya kwanza. Usikilizaji unaoombwa kuufanya ndio sehemu kubwa ya majaribio yenyewe.

Transponda, yaani mtambo unaopokea sauti zetu na kuzirudisha chini, huja baadaye kwa sababu watu wengi wakizungumza kwa pamoja hula umeme mwingi, na betri ambayo haijajulikana inavyostahimili kipindi cha kivuli cha dunia haifai kubebeshwa mzigo huo.

Hatari yenyewe ni ya kweli. AO-40, satelaiti nyingine ya wanaredio, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 16 Novemba 2000, ilinyamaza ghafla tarehe 13 Desemba, wakati mfumo wa injini yake ulipokuwa ukishughulikiwa. Waongozaji waliendelea kuipelekea amri bila kujibiwa, mpaka tarehe 25 Desemba mtambo wake wa gigahezi 2.4 ulipowaka. Najaribu kuwaza walivyojisikia siku hiyo. Baadhi ya mitambo yake haikusikika tena, lakini kwa kilichosalia wanaredio walizungumza hadi betri zilipoharibika mwaka 2004.

Kuhusu redio yako ya mkononi, haitaweza kusoma telemetria kama ya AO-73, kwa kuwa inahitaji kipokezi cha SSB (namna ya kurusha mawimbi iliyo tofauti na FM ya redio ndogo za mkononi), au kile kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta pamoja na programu yake. Ukikipata, utasikia mlio ukipanda na kufifia kadiri chombo kinavyojigeuza, na masafa yakianza takriban kilohezi 3 juu ya yaliyotangazwa kisha yakiteremka taratibu. Rekodi mlio wote, andika saa kwa UTC (saa ya kimataifa), uwatumie wenye satelaiti hata kama ulichopata ni sekunde chache.