Mkopo wa siku saba hauangalii mwezi

Marahaba mwanangu.

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimevaa miwani. Umeniuliza: "Mama, hapa Makoroboi kila fundi simu anakopa kwenye simu yake. Laki moja, siku saba, hela inaingia chai haijapoa. Wewe ulitukataza mikopo tangu tukiwa wadogo. Hawa wote ni wajinga?" Halafu ukaongeza chini kwamba unataka kuichukua hiyo laki uagize vioo vya simu Kariakoo. Nashukuru umeuliza kabla ya kuchukua. Mimi nilipokopa sikumwuliza mtu, na hilo nitalifikia.

Si wajinga. Nianze hapo, maana nyinyi vijana mkisikia mtu mzima anagusa habari ya mikopo mnajua mnakwenda kusemwa. Mwaka 2014 Vodacom walipoleta M-Pawa tayari nilikuwa na meza yangu ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Tulishangaa. Unabonyeza, hela inaingia, hakuna aliyekuuliza hati ya kiwanja wala barua ya mtendaji. Kabla ya hapo mtu kama mimi akikwama elfu hamsini alikuwa na njia tatu. Benki, ambako hata mlangoni unajiona umevaa vibaya. Tajiri wa dagaa, ambaye anakupa fasta, ila mzigo wako wote wa mwezi huo unamwuzia yeye kwa bei anayoitaka yeye. Au ndugu.

Na ya ndugu ndiyo ngumu kuliko zote. Unapanda daladala mpaka Igoma. Unakaribishwa, unapewa kiti kizuri, chai inaletwa. Mnaongea mvua, mnaongea ng'ombe, mnaongea ugonjwa wa shangazi. Unaaga. Ukifika mlangoni, kiatu kimoja umeshavaa, ndipo unasema, "Sasa kaka, kulikuwa na kajambo kadogo." Anakuambia ngoja aangalie. Jumapili ukoo mzima unajua kwamba fulani hali yake siyo nzuri. Simu haikufanyii hivyo. Haikuangalii usoni, haikuulizi ile ya mwaka juzi uliipeleka wapi. Mimi naamini watu hawanunui hela kwenye zile programu za mikopo za simu, wananunua siri, na siri mtu aliyebanwa atailipia bei yoyote.

Sasa tupige hesabu, maana ujumbe wako uliirukia. Umeandika "laki moja", lakini kwenye ile picha uliyonitumia nimeona kitakachoingia ni 85,000. Hiyo 15,000 inakatwa juu kwa juu, wameiita ada. Kwa hiyo hujakopa laki. Umekopa 85,000 na utarudisha 100,000 baada ya wiki moja. Ni kama kununua ndoo ya dagaa ukifika nyumbani unakuta chini wameweka jiwe. Na pale chini kabisa, kwa maandishi yanayonikosesha macho, wanasema ukishindwa unaweza kulipa 15,000 nyingine usogezwe wiki moja mbele. Sogeza mara nne: umetoa 60,000 ndani ya mwezi, na ile laki bado iko pale pale inakutazama. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, riba ya laki moja kwa mwezi ni 5,000. Nayo haiendi mbali, inarudi kwetu siku ya mgao mwezi wa 12.

Lakini kinachonitia hofu kuliko hiyo riba ni zile siku saba.

Wewe umezaliwa kando ya ziwa hili, kwa hiyo hili utalielewa haraka kuliko rafiki zako. Usiku wa giza ukisimama pale juu Kirumba unaona taa za wavuvi mpaka mwisho wa macho, kana kwamba kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanakusanyika, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukianza kuwa mkubwa, mwanga unakuwa kila mahali, dagaa hawakusanyiki tena, na mitumbwi inavutwa pwani. Wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wengine wanakunywa walichopata. Kwetu mezani ni wiki moja ya ukimya, wakati mwingine na siku za juu. Kila mama wa Mwaloni anaujua mwezi kuliko shehe. Anajua lini anunue, lini atunze, lini watoto wale ugali na mlenda bila kulalamika.

Mkopo wa siku saba hauujui mwezi. Ukiuchukua giza linapoisha, siku ya kulipa inakukuta mbalamwezi, mezani kuna panya tu. Aliyetengeneza hiyo programu hakuwa mtu mbaya labda, ila alikuwa anamfikiria mtu wa mshahara, mtu anayejua kwamba tarehe fulani kitu kinaingia. Sisi tunaingiza ziwa likitaka.

Basi nikwambie ya kwangu. Ulikuwa kidato cha pili. Uliporudi likizo uliniuliza cherehani ya bibi iko wapi, nikakuambia nimemwazima jirani mmoja wa Pasiansi. Nilikudanganya.

Nilikuwa nimekopa 300,000 kwa watu waliokuwa na chumba kimoja mjini, kati ya duka la dawa na saluni. Marejesho yalikuwa 12,000 kila siku, siku 30. Ukijumlisha ni 360,000, na mimi nikaona 60,000 si kitu, dagaa watairudisha kwa safari moja. Nikanunua mzigo uliotoka visiwani Ukerewe, mzigo mbichi kwa sababu ulikuwa na bei nzuri, nikasema nitaanika mwenyewe. Ikanyesha siku tatu. Dagaa wakikosa jua, mwanangu, huwezi kubembeleza. Siku ya kwanza wanalegea. Siku ya pili wanaanza rangi ya njano tumboni na harufu inabadilika. Siku ya tatu unampigia simu mtu wa chakula cha kuku, na yeye anajua huna pengine pa kwenda. Niliuza chini ya nusu ya nilichonunulia. Halafu mwezi ukawa mkubwa.

Kila asubuhi saa tatu alikuja kijana na pikipiki, daftari gumu kwapani. Hakuwahi kunitukana. "Shikamoo mama, nimefuata rejesho." Kila siku shikamoo. Nilifika mahali nikasikia pikipiki yoyote moyo unaruka, nikawa naiogopa ile shikamoo kuliko tusi. Siku asiyopata alikaa kwenye ndoo yangu niliyoigeuza kiti, akatoa karanga mfukoni, akala moja moja, wateja wakija anawasalimia. Meza zote zikajua. Ile siri niliyoinunua ilikwisha kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nikakopa kwingine ili nimlipe yeye. Sasa nikawa na vijana wawili, na shikamoo mbili.

Ndiyo mikopo hiyo watu wameiita kausha damu, na aliyeipa jina hilo alikuwa ameshakaa kwenye ndoo kama yangu. Msemo wa kukopa harusi na kulipa matanga sitautumia, umeusikia mno, na mimi sikukopa harusi. Nilikopa kazi. Hata kazi inakufunga ikiwa siku ya kulipa na siku ya kupata hazijuani.

Cherehani ilibebwa mchana, wewe ukiwa shuleni. Deni lililobaki alikuja kulimaliza baba yako mdogo wa Magu, yule yule niliyekuwa naona aibu kumwomba. Aliuza mbuzi. Nilipomwambia yote alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ungesema." Maneno mawili. Mpaka leo yananiuma kuliko cherehani.

Sikuambii haya ili uape hutakopa. Mtu asiyekopa kabisa hapa mjini ni tajiri au mwongo. Yuko mama anayekaanga sato karibu na meza yangu: asubuhi anakopa 40,000, ananunua samaki na mafuta, saa mbili usiku sufuria iko tupu na hela iko kwenye khanga. Mkopo wa siku moja unamfaa, kwa sababu samaki wake nao ni wa siku moja. Na mtoto akishikwa homa saa nane usiku sitakaa nipige hesabu ya riba, nitabonyeza simu na kesho nitajua la kufanya. Ile mikopo ya mitandao ya simu yenyewe ina kasoro yake, ukitumiwa hela inakatwa hata hujaiona, lakini angalau unajua unadaiwa na nani.

Zile programu za kupakua ndizo uniahidi utaziangalia vizuri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa. Kwa hiyo jina zuri na rangi za kupendeza havisemi kitu, ulizia leseni kwanza. Benki Kuu wana tawi hapa hapa Mwanza. Na inapokuomba ruhusa ya kusoma namba zote za kwenye simu yako, jiulize mkopeshaji anataka namba ya mama mkwe wako ya nini. Binti wa meza ya tatu alichelewa siku mbili tu. Mchungaji wake, mwalimu wa mtoto wake na hata fundi bomba wakapokea ujumbe kwamba "mwambieni alipe deni". Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu aliyefanyiwa hivyo ana pa kulalamika. Yeye hakulalamika. Aliacha kwenda kanisani.

Turudi kwenye vioo vyako. Umesema mzigo ukitumwa na basi kutoka Dar unafika kesho yake. Sawa. Lakini uliwahi kuniambia mwenyewe kwamba watu wanaleta simu kutengeneza wakipata mshahara, na kati ya tarehe 10 na 24 mnashinda mnacheza drafti. Leo tarehe ngapi? Hiyo ndiyo mbalamwezi yako. Ukikopa leo, siku ya saba inakukuta katikati ya drafti, vioo viko kwenye boksi, na simu inakuambia usogeze kwa 15,000. Vioo havitaoza kama dagaa wangu, hilo nakubali, na ndiyo maana sina hofu na biashara yako. Unahitaji mwezi mmoja, siyo wiki.

Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato yao, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, inataka kikundi na inataka subira. Nyinyi mafundi wa Makoroboi mko wengi, sijui kwa nini hamjajiandikisha. Ila hiyo ni habari ya mwakani, haitakuletea vioo sasa.

Kwa hiyo nimefanya hivi, na usinune. Jumamosi saa kumi kikundi chetu kinakaa kwa mwenyekiti, Kirumba. Wewe si mwanachama, lakini mimi ninaweza kukopa 85,000 kwa jina langu na wewe ukarejesha baada ya mwezi na 4,250 juu yake. Sharti langu ni moja: uje mwenyewe, ukae kwenye mkeka, uwaeleze. Najua hutapenda. Watakuuliza maswali, mama wa vitenge atataka kujua kioo kimoja unanunua shilingi ngapi na unauza shilingi ngapi, na mweka hazina atakuuliza kama umeoa. Wajibu wote, hata la mwisho.

Uje na hesabu ya vioo kwenye karatasi. Na hii simu yangu chaji haikai tena hata saa mbili, njoo na betri, nitakulipa siku hiyo hiyo.

Mama yako.