Wakibisha hodi alfajiri: karatasi ya jaji, karatasi ya ICE, na kamati ya msiba

SWALI: Kaka, habari za kazi. Tunaishi Ohio, kwenye majengo ya kupanga yenye familia kama sitini. Wengi ni Wakongo na Warundi, wapo pia Wakenya na Wasomali. Wengine tumeshapata uraia, wengine wana grini kadi, na wapo ambao karatasi zao bado hazijakaa sawa. Tulifungua kundi la WhatsApp la kutahadharishana kuhusu ICE, idara ya Marekani inayokamata na kuwaondoa wahamiaji nchini, limegeuka la kutiana hofu. Juzi alfajiri jirani alionyeshwa karatasi dirishani, akafungua, mume wake akachukuliwa. Tutaitambuaje karatasi ya kweli? Na tujipange vipi? (Mama wa watatu)

JIBU: Pole sana dada, na umfikishie pole zangu jirani yako. Mimi si wakili. Ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji, na hadithi kama hiyo ya alfajiri nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Inawezekana kabisa karatasi ile ilikuwa ya kweli. La kuuliza ni nani aliyeitia saini. ICE hutumia zaidi fomu mbili, I-200 ya kumkamata mtu na I-205 ya kumwondoa nchini. Juu zina jina la Department of Homeland Security, yaani Wizara ya Usalama wa Ndani, na chini saini ni ya ofisa wa uhamiaji. Jaji hajaziona. Hati ya mahakama ina jina la mahakama juu, kwa kawaida U.S. District Court (mahakama ya shirikisho), na chini saini ya jaji au hakimu. Ikiwa ni ya upekuzi, itataja anwani yenu pamoja na namba ya mlango.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani humlinda mtu nyumbani mwake, awe raia au asiwe. Mwaka 1980, katika kesi ya Payton dhidi ya New York, Mahakama ya Juu ilisema polisi hawaingii nyumbani kumkamata mtu bila hati ya jaji, labda kuwe na dharura au mwenyewe akubali. Neno la kushika hapo ni kukubali. Kufungua mlango na kusogea pembeni kunaweza kuhesabiwa kuwa umekubali. Kwa hiyo zungumzeni mlango ukiwa umefungwa: "Pitishieni karatasi chini ya mlango." Isomeni saini kwanza. Kama si ya jaji, semeni kwamba hamkubali waingie, kisha nyamazeni. Fanyeni mazoezi ya kuyasema maneno hayo kwa Kiingereza, watoto nao wawepo, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye anayekimbilia mlango.

Kuna jambo watu wetu hawalijui, nasi ni watu wa kupokea wageni. Hati ya jaji ya kumkamata mgeni wako haitoshi yenyewe kuingia kwako kumtafuta. Inahitajika hati ya upekuzi. Hilo liliamuliwa mwaka 1981 katika kesi ya Steagald. Naye mwenye nyumba hawezi kuruhusu upekuzi wa chumba ulichopanga wewe, ingawa korido na maegesho ni suala jingine. Nendeni watu watatu mkaongee na meneja wa majengo mapema, kwa heshima, mjue msimamo wake.

Wakiingia kwa nguvu, msizuie mlango wala msimshike ofisa. Hivi karibuni ICE imedai kwamba I-205 peke yake inatosha kuwaingiza ndani, na dai hilo limepingwa mahakamani. Kubishana kwa mikono kutawaletea kesi ya jinai. Semeni hamkubali, andikeni saa na namba za magari, mengine mwachieni wakili.

Sasa kuhusu kujipanga. Nakuuliza dada: mtu akifiwa hapo kwenu, inachukua muda gani kupata mchango, gari la kwenda uwanja wa ndege, mama wa kulala na wafiwa na mtu wa kushughulikia karatasi za kusafirisha mwili? Najua jibu. Kamati ya msiba ndiyo mtandao mnaoutafuta, na tayari watu wanaiamini. Ipeni kazi hii. Mjigawe kama mnavyojigawa kwenye msiba: nani anashika simu ya usiku, nani anachukua watoto shule, nani anaweka pesa. Mfuko uwe na watia saini wawili. Kiwango cha chini cha dhamana ya uhamiaji kisheria ni dola 1,500, aghalabu huwa zaidi, na si kila aliyekamatwa anapewa nafasi hiyo. Weusi wa Montgomery, mji wa jimbo la Alabama, waliposusia mabasi yaliyowabagua kwa siku 381, mwaka 1955 hadi 1956, walifika kazini kwa sababu kulikuwa na ratiba ya magari na vituo vya kuchukuliana. Kuna mtu aliisimamia ile ratiba kila siku.

Kundi la WhatsApp lifungeni leo, wasimamizi tu ndio waandike. Mahali fulani nilipofanya kazi, ujumbe wa sauti ulisambaa kwamba ICE wamezingira duka. Watu hawakwenda kazini siku mbili, mama mmoja akakosa miadi ya kliniki ya ujauzito. Nilipokwenda kuangalia, ni magari ya shirika la umeme. Nilimkuta yule mama amekaa sakafuni, pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo. Tangu hapo nina sharti moja: hakuna tahadhari inayotoka kabla mashahidi wawili hawajafika na kuona. Waandike ni watu wangapi, wanafanya nini, wako wapi, wamevaa nini, saa ngapi. Mashahidi wawe raia, si wenye karatasi zenye shaka. Wasimame mbali, warekodi wakiwa mahali pa umma, wasimfiche mtu, wasiseme uongo. Sura za majirani zisiwekwe mtandaoni.

Karatasi za nyumbani zinachosha kuzipanga, lakini ndizo zinazookoa watoto. Kila familia iwe na bahasha moja: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, namba A (namba ya faili la uhamiaji) ya kila mtu, na hati ya kumpa ndugu au jirani mamlaka ya kumlea mtoto kwa muda. Sheria zake hutofautiana kila jimbo, basi iandikwe na wakili wa Ohio. Haiwanyang'anyi wazazi haki zao, na inaweza kufutwa. Shuleni, badilisheni majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Na msiwatoe watoto shule kwa hofu: tangu kesi ya Plyler dhidi ya Doe, mwaka 1982, shule za umma haziwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mwenye grini kadi aliyetimiza miaka 18 atembee nayo. Sheria inamtaka hivyo. Anayehama nyumba na si raia aitaarifu idara ya uhamiaji anwani mpya kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10.

Kuhusu mume wa jirani yako, anzeni leo hii. Mtafuteni kwenye mfumo wa ICE wa mtandaoni wa kutafuta waliozuiliwa, kwa namba A na nchi aliyozaliwa. Mkitumia jina, liwe kama lilivyo kwenye karatasi zake za uhamiaji, hata kama limekosewa. Wakimbizi wengi kutoka kambini wamegeuziwa majina na kupewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, nimeona familia ikihangaika wiki nzima kwa herufi moja. Kesi yake iangalieni kwa simu ya mahakama ya uhamiaji, 1-800-898-7180, mkiwa na hiyo namba A mkononi. Ana haki ya wakili, ila serikali haimlipii. Akipiga simu, mwambieni asitie saini karatasi yoyote ambayo haijasomwa na wakili, hata akiambiwa ni ya kumrudisha nyumbani haraka. Asieleze kesi yake kwenye simu ile, hurekodiwa. Na mkewe atafute barua yoyote ya zamani ya uhamiaji, hata risiti ya ombi la mwaka wa kwanza. Namba A huwa imeandikwa humo.