Barua kwa Mwanangu: Baba Yako na Barabara ya Loki

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikalala nao, nikaamka nao. Umeniuliza, "Mama, Baba alikuwa akienda kututafutia riziki, au alikuwa akitukimbia?" Wewe sasa ni mtu mzima, una mtoto wako, kwa hiyo sitakujibu kwa maneno ya matangani. Matangani kila mtu alisema baba yako hakujua kukasirika. Hao ni watu ambao hawajawahi kumpotezea spana.

Alipenda safari, tusidanganyane. Lori likishapakiwa, usingizi ulimruka. Usiku wa manane ungemsikia nje akigonga matairi kwa nyundo huku akipiga mluzi. Na akikaa nyumbani zaidi ya siku tatu alianza kutengeneza vitu visivyoharibika. Unaikumbuka ile redio? Ilikuwa nzima kabisa kabla hajaifungua. Hata kama tungekuwa na ngamia wa kujaza boma, bado angeenda. Lakini kukimbia ni jambo jingine, na ili unielewe lazima nianzie mtoni kwao.

Wewe unaijua Turkwel ya daraja la Lodwar. Maji yake yanatoka mbali, Mlima Elgon, yanapita nchi ya Wapokot ndipo yanaingia Turkana, na kiangazi kikikaza huku chini tunakotoka, mto unazama mchangani. Hapo watoto wa kijiji wanachimba. Baba yako alikulia ndani ya visima hivyo: mmoja chini kabisa, mwingine juu yake, vyombo vya maji vinapokezwa mkono kwa mkono, mbuzi wanalia juu. Mdogo ndiye anayeteremshwa chini kwa sababu shimo ni jembamba, na kuta za mchanga huwa zinaporomoka. Alinieleza mambo hayo kama mtu anayekumbuka mchezo. Ata, bibi yako, alipanda mtama kwenye ardhi iliyolowa kila mto ulipofurika na kurudi. Mifugo, mtama na visima ndivyo vilivyowalisha.

Ukame wa 1980 ulimaliza mifugo. Kwa Waturkana wa wakati ule, kula samaki ilikuwa dalili ya mtu aliyefilisika, na kijana wa boma lenye heshima hakuenda Ziwa Turkana hivi hivi. Yeye alikwenda kwa miguu hadi Kalokol, bila kumwomba mzee ruhusa, akajifunza kuvua. Unajua upepo wa ziwa lile, unaoamka usiku na kugeuza maji kuwa milima. Wenzake walivua karibu na matete; yeye akataka kufika Kisiwa cha Kati kwenye mamba, maana mtu fulani alimwambia hakufikiki. Alifika. Alirudi na mtumbwi uliopasuka na deni la mtumbwi, akalilipa kwa samaki wakavu msimu mzima. Sehemu ya deni hakuipenda kuisimulia, mimi niliisikia kwa baba yako mdogo.

Kalokol ndiko alikoshika injini. Wanorwe walikuwa wamejenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya themanini, kikafanya kazi muda mfupi tu kikasimama, halafu Ghuba la Ferguson lenyewe likakauka. Boti zikabaki juu ya mchanga. Baba yako hakuingia kufanya hesabu ya nani alikosea. Alikaa na mafundi waliokuwa wakifungua mashine akajua pampu, pistoni na gia. Ujuzi huo ndio uliokusomesha.

Mwaka 1986 walipoanza kujenga bwawa la Turkwel, kule kwenye korongo, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuomba kibarua. Fikiria ujasiri huo: kijana wa Kiturkana kwenda kulala kambini katikati ya Wapokot, wakati watu wetu na wao walikuwa wakichukuliana ng'ombe kwa bunduki. Alirudi anaongea Kipokot. Ukuta ule una urefu wa zaidi ya mita 150 kwenda juu, na alikuwa akisema kila zege lililopanda pale analijua kwa jina. Kujivuna alijua, baba yako.

Lakini lango la bwawa lilipofungwa, mafuriko yale ya msimu yakapungua, na shamba la Ata likawa halilowi kama zamani. Alipokwenda kumsalimu, mama yake alimuuliza swali moja tu: "Ni nyinyi mliofunga mto?" Hakuwa na jibu. Nimeishi naye miaka mingi na sijui jambo jingine lililomkalia moyoni kama hilo. Tangu siku hiyo mpaka Ata anafariki, mtama wa nyumba ile haukukosekana. Alinunua magunia Kitale akashusha pale kabla hajafika kwetu. Nilikuwa nikikasirika. Nilikuwa mke mchanga, nikiona lori linapita mlangoni kwangu linaelekea kwa mama mkwe.

Mimi nilikuja Lodwar 1988 na barua ya kazi ya ualimu. Kwetu Kaloleni, huko pwani, Lodwar walijua ni kule Mkoloni alikomweka kizuizini Kenyatta, basi. Babu yako akaniuliza nimemkosea nani wizarani. Nilimpata baba yako akiwa chini ya lori lililoharibika mbele ya shule, nikamkaripia kwa kelele. Alipokuja kuposa alipita Mombasa kwanza kuiona bahari, akaonja maji, akaja kumwambia babu yako kwamba bahari yenu ni kubwa lakini ya kwetu inanyweka. Wazee walicheka hadi mnazi ukamwagika. Mahari alilipa kwa mshahara, kidogo kidogo, kila alipoteremka bandarini kupakia.

Na hapo ndipo maisha unayoyakumbuka yalipoanza. Vita vya Sudan vilikuwa vimechacha, chakula cha msaada kilipita Lokichoggio, ndiyo Loki tunayoiita, kwa ndege na kwa malori tangu 1989, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa 1992. Madereva wengi waliogopa barabara ile. Kuanzia Kitale ni milima hadi Marich, halafu Kainuk ambako risasi hazikuwa na saa, halafu joto na mawe hadi Lodwar, na bado Loki iko mbele. Baba yako alipenda sehemu ambayo wengine waliikataa, na malipo yake yalikuwa mazuri kwa sababu hiyo hiyo.

Usidhani alikuwa mtu wa kujirusha. Mvua za El Niño za 1997 zilipojaza malaga yote, ile mito mikavu ya msimu, malori yalipangana ukingoni mwa mto Tarach, kila mtu na haraka yake. Yeye alivua viatu, akaingia na fimbo, akapima chini hatua kwa hatua, akarudi akazima injini na kutandika mkeka, kichwa juu ya ekicholong yake, kile kigoda cha Kiturkana cha kukalia na kulalia kichwa. Wakamwita mwoga. Lori moja lililojaribu lilibebwa na maji, watu wakaokolewa kwa kamba, na kamba ile ilikuwa yake. Mtu aliyewahi kusimama ndani ya shimo la mchanga anajua ardhi inavyokuhadaa.

Sasa sikiliza jibu langu. Kabla ya kila safari alichora barabara sakafuni kwa makaa, nikamgombeza kwa uchafu, na akakuweka wewe ukae Lodwar, kaka yako akae Kitale, mimi nikae Loki. Alikwambia atalala wapi na nani atabeba barua. Ulikuwa unaimba Kainuk, Lokichar, Lodwar, Kakuma kabla hujajua a, e, i, o, u. Pesa ya karo ilifika kwa mkono wa dereva mwenzake hata alipokuwa kitandani na malaria. Anayewakimbia watu wake hafanyi hivyo.

Je, alikosa mambo yenu mengi? Alikosa. Alikosa siku ya wewe kumaliza darasa la nane, na uliponuna mwezi mzima ulikuwa na haki. Hilo silifuti, wala yeye hakulifuta, alilijua.

Amani ya Sudan ilipotiwa saini 2005, mashirika yakahamia Juba na Loki ikapoa. Hiyo ndiyo miaka uliyomwona nyumbani ukadhani amezeeka ghafla. Akanunua pampu, akalima kando ya Turkwel, mtama tena, kwenye kile kipande cha Ata. Majirani walimwambia mtama haulipi, apande tikiti maji. Akakataa bila maelezo. Halafu 2012 wakapata mafuta kwenye kisima cha Ngamia 1, na mtu wa zaidi ya miaka hamsini akaamka alfajiri akaniaga: anakwenda Lokichar kuangalia tu. Alirudi na kazi ya kuendesha lori la maji. Nilicheka nikamfungia chapati.

Mtoto wako akikuuliza babu yake alikuwa nani, mwambie yote, la Kainuk waliyoiogopa wengine na la redio.

Desemba mkija, tutashuka shambani tukaangalie pampu, baba yako mdogo anasema inavuja. Ekicholong iko kwangu, ni ya mjukuu. Mnunulie viatu vya kufunika mguu. Mathenge, ule mti wa miba, imejaa hadi ukingoni mwa mto na miba yake inatoboa ndala.

Mama yako.