Maswali yenu kuhusu chuo cha menejimenti cha Ahmedabad

Safu iliyopita niligusia kidogo Indian Institute of Management ya Ahmedabad, maarufu kama IIMA, na mchango wake katika elimu ya uongozi wa biashara barani Asia. Barua zilizokuja ni nyingi. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengi wameyarudia.

Shikamoo Mwalimu. Mbona kila Mhindi anayeongoza shirika kubwa duniani amesoma Ahmedabad? Wana siri gani? (Kijana, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Si kila mmoja. Sundar Pichai wa Google alisoma uhandisi katika chuo cha teknolojia cha IIT Kharagpur kisha akaenda Marekani, na Satya Nadella wa Microsoft alitokea chuo cha Manipal. Waliopita IIMA ni watu kama Ajay Banga, anayeongoza Benki ya Dunia tangu Juni 2023, Raghuram Rajan aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya India, na marehemu C.K. Prahalad, ambaye wanafunzi wetu wa mikakati ya biashara wanamsoma mpaka leo.

Kabla ya kutafuta siri, angalia mchujo. Mtihani wa kuingilia, CAT, hufanywa kila mwaka na watu zaidi ya laki mbili, wakati nafasi za kozi kuu ya miaka miwili pale Ahmedabad ni kama 400 tu. Vijana waliopenya hapo wangefika mbali hata kwa mwalimu wa kawaida. Kwa hiyo orodha ya wakubwa hainisisimui sana. Nakipenda chuo kile kwa namna kilivyoamua kufundisha, na kwa watu kilioamua kuwahudumia.

Nimesoma kwamba kilianzishwa na Harvard. Ni kweli? Na huko kufundisha kwa visa, yaani mikasa ya biashara, kunafanyikaje hasa? (Mhadhiri msaidizi, Morogoro)

Kilianzishwa na Wahindi wenyewe, Desemba 1961. Serikali kuu ilishirikiana na serikali ya jimbo la Gujarat, jimbo ambalo lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili, pamoja na wenye viwanda wa Ahmedabad, mji wa nguo. Aliyehangaika kuliko wote ni Vikram Sarabhai, mwanafizikia yule yule aliyeasisi mpango wa anga za juu wa India, akisaidiana na Kasturbhai Lalbhai, mwenye viwanda vya nguo. Harvard walikuja kama washirika, Ford Foundation ikachangia fedha, na walimu wa Kihindi wakapelekwa Marekani kujifunza ufundishaji. Mwezi mmoja kabla, chuo ndugu cha Calcutta kilikuwa kimeanza kwa ushirika na chuo cha MIT cha Marekani, nacho kikaegemea zaidi hesabu na takwimu.

Sasa kuhusu visa. Mwanafunzi anapewa kurasa kadhaa usiku, kuhusu meneja aliyebanwa na uamuzi. Chukulia kiwanda cha nguo: pamba imepanda bei, wafanyakazi wanatishia kugoma, na benki inataka marejesho yake Ijumaa. Majedwali ya fedha yapo nyuma, mengine ya maana, mengine ya kupoteza muda. Asubuhi mwalimu haanzi na maelezo. Anamtazama mtu mmoja na kusema, wewe ndiye meneja, unafanya nini? Madarasa ya zamani pale yalijengwa kama ukumbi wa ngazi uliojipinda, mwalimu chini katikati, kila mwanafunzi akimwona mwenzake usoni. Huwezi kujificha nyuma ya daftari. Kuna pia somo la mwaka wa kwanza la uchambuzi na uandishi, wenyewe wanaliita WAC, ambalo ripoti yake inatakiwa iingie kwenye sanduku kabla ya saa iliyopangwa. Wahitimu wa miaka ya nyuma bado wanasimulia walivyokuwa wakikimbia na karatasi mkononi.

Lakini nakuomba, mhadhiri mwenzangu, utazame hatua iliyofuata. Visa vya Harvard vilizungumzia kampuni za Marekani. India ya wakati ule kiwanda kilihitaji leseni ya serikali hata kuongeza uzalishaji, na kampuni nyingi zilikuwa mali za familia ambamo mjomba ana neno kuliko bodi. Jibu sahihi la Chicago lingekufilisi Ahmedabad. Walimu wakatoka madarasani, wakaingia viwandani, kwenye mabenki na mashambani, wakaandika visa vya kwao. Leo wana maelfu. Ushirika rasmi na Harvard ulikwisha kabla miaka ya 1960 haijamalizika, na chuo hakikuyumba, kwa sababu kilikuwa na cha kufundishia.

Hapo ndipo moyo unaniuma kwa vyuo vyetu. Wahitimu wetu wanaendesha maduka ya jumla Kariakoo, wanasafirisha parachichi kutoka Njombe, wanashona na kuuza nguo Gikomba, na maamuzi yao mazito hayajaandikwa popote. Darasani bado tunajadili kampuni ambazo mwanafunzi hajawahi kuona bidhaa yake. Utasema una wanafunzi 300 ukumbini na hakuna muda. Anza na kisa kimoja kwa muhula. Nenda kwa mfanyabiashara mmoja, kaa naye, omba ruhusa, andika. Mwenzako wa Iringa akifanya hivyo pia, mtabadilishana.

Binamu yangu anadai waliosoma IIM zamani wana diploma tu, si MBA (shahada ya uzamili ya biashara). Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Kweli, na haina tatizo. Vyuo vya IIM havikuwa vyuo vikuu kisheria, kwa hiyo havikuruhusiwa kutoa shahada. Vilitoa stashahada ya uzamili, ambayo waajiri waliichukulia sawa na MBA. Sheria ya IIM ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Januari 2018, ndiyo iliyovipa ruhusa ya kutoa shahada.

Sisi tuna chama cha ushirika cha kahawa Kagera. Mambo ya chuo cha matajiri yanatuhusu nini? (Katibu wa AMCOS)

Ndugu Katibu, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii. Mkurugenzi wa kwanza wa kudumu wa IIMA alikuwa Ravi Matthai, aliyeshika kazi mwaka 1965 akiwa hajafikisha miaka 40. Mwaka 1972 aliachia kiti kwa hiari, akabaki pale pale kama profesa wa kawaida chini ya mkurugenzi mpya. Miaka mitatu baadaye akaenda Jawaja, eneo kame la Rajasthan ambalo wengi waliona halina rasilimali yoyote. Yeye na wenzake, wakiwemo wataalamu wa taasisi ya ubunifu ya NID, walikaa na wafuma nguo na watengeneza ngozi, watu wa tabaka lililodharauliwa, wakaanza na kile walichokuwa tayari wanakijua. Walijifunza kuboresha bidhaa, kupanga bei, kutunza hesabu na kumfikia mnunuzi bila kupitia mlanguzi. Ikawa kazi ngumu ya miaka, yenye kurudi nyuma mara kwa mara.

Chuo hicho hicho kilijenga idara ya menejimenti ya kilimo tangu mapema. Profesa wake Anil Gupta alizunguka vijijini kwa miguu na wanafunzi, wakikusanya ubunifu wa wakulima na mafundi. Na huko huko Gujarat, mjini Anand, Verghese Kurien wa ushirika wa maziwa wa Amul alianzisha mwaka 1979 chuo maalumu cha kuandaa mameneja wa vijijini, IRMA, kwa kuwa wahitimu wa vyuo vya biashara walikuwa wanakimbilia mjini. Huenda chama chako kina upungufu huo huo: kahawa ipo, meneja hayupo. Kiandikie chuo kilicho karibu nawe, waombe wanafunzi wa mwaka wa mwisho waje msimu mzima wa mavuno, wakae na vitabu vyenu vya hesabu.

Niko Muscat, nimefanya kazi benki kwa miaka. Nifunge safari ya Ahmedabad? (Dada mwenye asili ya Unguja)

Dada yangu, kozi ya miaka miwili huchukua zaidi vijana wanaoanza maisha, na ada yake inazidi rupia milioni 2. Wewe inakufaa ile ya mwaka mmoja ya wenye uzoefu, iliyoanza mwaka 2006, inayopokea alama za mitihani ya kimataifa ya GMAT au GRE. Tena mwaka 2025 IIMA ilifungua kampasi Dubai yenye MBA ya mwaka mmoja, karibu na nyumbani kwako. Kampasi ni changa, hivyo uliza mapema walimu wangapi wanatoka Ahmedabad na wanakaa muda gani. Na kama una nia ya kurudi kufanya kazi Unguja au Dar, wasiliana na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo kabla hujalipa ada.