Panadol, kidonge cha mafua na Brufen: nimeze zipi pamoja?

SWALI: Mwanangu mfamasia, hujambo? Mimi ni mama wa miaka 56, nauza vitenge hapa Tanga. Nina presha, kila asubuhi nameza kidonge cha losartan chenye hydrochlorothiazide ndani yake. Leo siku ya tano pua imeziba, mashavu yananigonga nikiinama kufunga mzigo, hadi meno ya juu yanauma. Jirani anasema ni sainasi. Kwenye mkoba nina Panadol, vidonge vya mafua (picha ya pakiti nimekutumia), Brufen, dawa ya kupuliza puani, na amoksilini ya maji aliyoibakiza mjukuu mwezi uliopita. Nikitumia zote si nitapona haraka?
Mama wa vitenge, Tanga

JIBU: Sijambo mama, shikamoo, na pole sana. Nianze na meno, maana wapo wanaong'olewa magego mazima kwa sababu hii. Mizizi ya magego ya juu imepakana na uwazi ulio ndani ya shavu, na uwazi ule ukivimba na kujaa makamasi, meno yanauma bila kuoza. Yakiuma kadhaa kwa pamoja, na maumivu yakazidi ukiinama, usikimbilie kung'oa.

Sasa mkoba. Zote, hapana. Picha yako nimeikuza hadi nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma, ambayo wateja wangu wengi hawayasomi kabisa: kila kidonge kina paracetamol miligramu 500, chlorpheniramine, na phenylephrine. Hiyo paracetamol ndiyo Panadol yenyewe, imebadilishiwa nguo tu. Ukimeza Panadol 2 na vya mafua 2, asubuhi, mchana na usiku, umefikisha miligramu 6,000 kwa siku, wakati mtu mzima hatakiwi kuvuka 4,000, yaani vidonge 8 kwa saa 24 kutoka pakiti zote ukijumlisha. Ini halipigi kelele mapema. Siku ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu tu, au usihisi kitu, kumbe linaharibika.

Phenylephrine nayo, pamoja na ndugu yake pseudoephedrine, hubana mishipa ya damu na inaweza kupandisha presha. Kinachoniudhi ni kwamba phenylephrine ya kumeza haisaidii hata hiyo pua. Septemba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, walikubaliana wote kwamba kwa dozi ya kawaida haizibui pua kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo pakiti ile iweke kando. Na ile chlorpheniramine, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton, ingekufanya usinzie juu ya vitenge vyako.

Brufen kwako ni hatari zaidi. Ibuprofen, ndiyo dawa iliyomo ndani ya Brufen, ikikutana na losartan na hydrochlorothiazide, figo zinabanwa pande tatu kwa mpigo, na dawa ya presha inapungua nguvu. Diklofenaki ni ukoo uleule, usije ukaibadilisha hiyo kwa hii. Ila dawa yako ya presha usiiache hata siku moja.

Kwa maumivu, basi, tumia Panadol peke yake: vidonge 2 kila baada ya saa 6, ukihitaji.

Kwa pua, maji ya chumvi. Chemsha maji, yakitokota yaache dakika moja nzima, kisha yapoe hadi yawe vuguvugu. Kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, fungua mdomo upumue kwa huko, mimina taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji yaingie tundu la juu yatokee la chini. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima yasiyochemshwa. Kuna amiba ambaye ukimnywa hakudhuru, lakini akipitia puani anaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra, ila huua.

Dawa yako ya kupuliza, kama imeandikwa oxymetazoline au xylometazoline, pima presha kwanza, kisha uliza duka la dawa. Hata asiye na presha asizidishe siku 3 hivi, la sivyo pua huziba zaidi kila akiiacha. Ya fluticasone haigombani na losartan wala Panadol, lakini huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi. Anayetumia ARV zenye ritonavir asiiguse kabla ya kumwambia mtoa dawa.

Amoksilini ya mjukuu, mama, imwage. Ikishachanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14, basi. Tena sainasi nyingi huletwa na virusi, na antibiotiki haiviwezi. Tungeifikiria kama siku 10 zingepita bila nafuu, au ungepata nafuu kisha ukazidiwa tena, na hapo daktari ndiye angekuandikia.

Kujifukiza sikukatazi, kunatuliza. Sufuria ikae mezani, si mapajani, na wajukuu wakae mbali.

Jicho likivimba, ukaanza kuona vitu viwiliviwili, shingo ikakakamaa, au kichwa kikauma kuliko ulivyowahi kuumwa, usisubiri jibu la jarida. Nenda hospitali siku hiyohiyo.