Vipimo viko sawa, lakini bado naumwa

Swali: Mimi ni mwalimu, nina miaka 34. Huu ni mwaka wa pili moyo unanienda mbio, vidole vinaingia ganzi na kichwa kinauma karibu kila siku. Nimepimwa moyo, damu, sukari na tezi ya shingo, vyote viko sawa. Nimetibiwa taifodi mara nne. Sasa daktari ananipeleka kwa mwanasaikolojia. Ina maana ananiona nina wazimu? Na maneno yataondoaje maumivu?
*Mwalimu, Morogoro*

Jibu: Huna wazimu, dada, na maumivu yako ni ya kweli. Vipimo ulivyofanya hutafuta kiungo kilichoharibika. Havionyeshi jinsi ubongo unavyopokea taarifa za mwili na kuzikuza, na kwa watu wengi wenye dalili kama zako tatizo liko hapo.

Chukua hiyo ganzi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka na juu juu bila kujijua. Kabonidioksidi hupungua kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na baada ya dakika chache vidole na midomo hufa ganzi, kichwa huwa chepesi na kifua hubana. Ukiwekewa kipimo cha oksijeni kidoleni kitasoma 98 au 99. Mtaalamu anaweza kukuomba upumue haraka kwa makusudi kwa dakika moja hivi mbele yake, akishahakikisha huna pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo wala ujauzito. Ganzi ikija palepale, umeona mwenyewe inakotoka. Kisha mtafanya zoezi la kuvuta pumzi kwa puani ukihesabu 4 na kuitoa ukihesabu 6, dakika 5, mara mbili kwa siku. Lifanye hata ukiwa mzima, kwa sababu zoezi usilolizoea halitakusaidia hofu ikishapanda.

Tiba yenyewe ya mazungumzo huwa vikao 8 hadi 16, kimoja kwa wiki, kama dakika 50 kila kimoja. Chombo chake kikuu ni daftari lenye safu tano: saa, dalili na ukali wake kuanzia 0 hadi 10, ulikuwa unafanya nini, uliwaza nini, na ulifanya nini baada ya hapo. Safu ya mwisho ndiyo yenye siri. Humo utakuta kupima presha mara kwa mara, kumpigia simu ndugu aliye nesi, kulala mchana, kumeza panadol. Kila kimoja hukutuliza kwa saa chache, kisha hofu hurudi na mwili huangaliwa kwa makini zaidi. Na panadol ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Zihesabu.

Kazi nyingine ni kupanga kiasi cha shughuli za siku. Wengi siku wakiamka na nafuu hufua nguo za wiki nzima, kisha siku tatu hawatoki kitandani. Anza na kiasi unachokiweza hata siku mbaya, ukiongeze kidogokidogo. Ila kama kila ukijitahidi unazidiwa kesho yake au keshokutwa, usilazimishwe kuongeza. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2021 uliacha kupendekeza ratiba za kuongeza mazoezi kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu.

Kuhusu taifodi: kipimo cha Widal hutoa majibu ya uongo mara nyingi mno, na inasikitisha kuona watu wakipewa antibayotiki kwa ajili yake mwaka hadi mwaka. Taifodi huja na homa ya siku kadhaa, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara.

Swali: Mke wangu mguu wa kushoto hauna nguvu. MRI haikuonyesha kitu. Nyumbani wanasema ni jini, daktari anasema ni msongo. Nimwamini nani?
*Mume, Mombasa*

Jibu: Ombeni daktari wa mishipa ya fahamu awaonyeshe alama iliyoelezwa na daktari Mmarekani, Hoover, mwaka 1908. Mgonjwa akilala chali na kuambiwa akandamize kisigino cha mguu mbovu kitandani, hakuna nguvu. Akiambiwa ainue mguu wa pili, ule usio na tatizo, huku daktari akiuzuia, kisigino kilekile cha mguu mbovu hukandamiza. Weka kiganja chako chini yake ukihisi. Ikiwa hivyo, njia za fahamu hazijakatika, na hajifanyi: mguu unagoma pale tu anapoukazia akili. Ndiyo maana fiziotherapia yake huanza kwa kutembea kinyumenyume au kwa mdundo, na tiba ya mazungumzo huenda sambamba nayo. Dua haizuii tiba hii. Kupigwa, kufungwa au kunyweshwa dawa zisizojulikana msikubali.

Swali: Nimemaliza vikao vitano, maumivu yako palepale. Niache?
*Kijana, Nakuru*

Jibu: Kwanza jiulize hivyo vikao vina nini ndani. Kama mshauri wako anakufariji tu na kukuhubiria, hagusi daftari wala hakupi kazi ya nyumbani, tafuta mwingine, na umuulize waziwazi kama amewahi kutibu dalili za mwili. Kama tiba ni sahihi, fika kikao cha nane. Uchambuzi wa tafiti 21 za tiba kama hii uliotoka 2014 ulikuta nafuu ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Utafiti wa Uingereza wa 2020 kwa watu 368 wenye degedege zisizo za kifafa haukuona tofauti kubwa katika idadi ya degedege baada ya mwaka, lakini waliopata tiba hii waliendesha maisha yao vizuri zaidi. Kwa hiyo pima pia umerudi kazini siku ngapi na umelala saa ngapi.

Ukianza kupungua uzito, kutoa damu chooni, kupata homa au jasho jingi usiku, au kifua kikiuma unapopanda ngazi, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo. Upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, mdomo ukipinda au mkojo ukikutoka bila kujua, nenda hospitali saa hiyohiyo.