Taya linavimba jioni, asubuhi limepungua

SWALI: Nafuga kondoo 11 hapa Urambo, Tabora. Tangu mvua zianze, majike watatu wamevimba chini ya taya, kama kifuko cha maji. Jioni kinajaa, asubuhi kimepungua. Hawaharishi, kinyesi ni gololi za kawaida. Nimewanywesha albendazole, kifuniko kimoja kila mmoja, sioni nafuu. Jirani anashauri nipachome moto. Nifanyeje?

JIBU: Usichome. Hilo si jipu, ni maji. Minyoo ya tumboni imewafyonza damu. Damu ikipungukiwa protini, maji huvuja kwenye mishipa na kutuama chini. Kondoo akishinda kichwa chini malishoni, jioni taya limejaa. Minyoo hii kwa kawaida haiharishi, hivyo anayesubiri mharo huchelewa. Tena mbuzi akiumwa utamsikia. Kondoo hufa kikondoo kweli.

Kagua wote 11, si hao watatu tu. Juani, shusha kope la juu kwa kidole gumba, vuta la chini, utazame utando wa ndani. Mwekundu ni mzima. Mweupe kama karatasi, mpe dawa leo.

Kosa lako ni kifuniko. Pima uzito kwa mizani ya kuning'iniza. Kwa minyoo ya tumbo, albendazole ni miligramu 5 kwa kila kilo: kondoo wa kilo 30 anahitaji mililita 6 za dawa ya 2.5%, au mililita 1.5 za ile ya 10%. Soma chupa kwanza! Dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kubakiza sugu. Tumia bomba lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa sawa. Ukimwinua kidevu, dawa huingia mapafuni. Mwenye mimba chini ya mwezi mmoja asipewe albendazole.

Kama wanalisha mbugani penye maji na konokono, huenda kuna minyoo ya ini pia, nayo huvimbisha taya vilevile. Hapo dozi ni miligramu 7.5 kwa kilo, na huua iliyokomaa tu. Mpelekee afisa mifugo kinyesi kibichi kipimwe. Baada ya wiki mbili kope likiwa bado jeupe, mwombe dawa ya kundi jingine, mfano levamisole. Kurudia ileile ni kupoteza hela.

Asubuhi wafungulie umande ukishakauka, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hupanda majani yakiwa na unyevu.